Kushusha Toni ya Wimbo na Kubadilisha Mwendo Wake: Mwongozo kwa Wanakwaya na Wapiga Gita

"Yaya, tushushie wimbo huu, sauti ya kwanza hawafiki." Ombi hilo (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa) hunifikia karibu kila juma hapa Bukavu, mara kutoka kwa kwaya ya Kadutu, mara kutoka Bagira, na mara nyingi zaidi siku ya Ijumaa jioni wakati wimbo unatakiwa kuimbwa Jumapili asubuhi. Kwa upande mwingine wako vijana wa gita, ambao hawana shida na toni hata kidogo. Wao wanataka sebene, yaani kile kipande cha wimbo ambapo magita hutawala, ipigwe polepole ili wasikie vidole vya mpiga solo vinakopita. Kwa kuwa maswali ni yale yale, nimeona ni heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa utaratibu ambao mtu asiyewahi kufungua programu ya sauti anaweza kuufuata peke yake.

Kabla ya kugusa kompyuta tuelewane juu ya maneno, kwa sababu nusu ya kazi zilizoharibika mikononi mwangu ziliharibikia hapo. Mtu akiniambia "pandisha sauti", anaweza kuwa anataka wimbo usikike kwa nguvu zaidi, au anaweza kuwa anataka uimbwe juu zaidi. Katika mwongozo huu, toni ni ule ujuu au uchini wa noti, kama vile kutoka fa kwenda sol. Mwendo ni wepesi au upole wa wimbo. Nguvu ya spika nitaiita ukubwa wa sauti, nayo si mada yetu.

Nadharia yenyewe ni fupi. Aliyewahi kusikiliza redio ya kaseti ambayo betri zake zinakwisha anakumbuka jinsi wimbo ulivyokuwa ukiburuta miguu na mwimbaji akageuka kuwa na sauti nzito kama ya babu: mkanda ukipunguza kasi, toni nayo hushuka, kwa sababu viwili hivyo vimefungwa pamoja. Programu za leo huvitenganisha, hivyo unaweza kubadilisha kimoja na kukiacha kingine kilivyo. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kushika kitufe kinachobadilisha vyote viwili huku wakidhani wanabadilisha kimoja.

Vitu vya kuandaa

Kompyuta yoyote inayowaka vizuri inatosha. Haihitaji kuwa mpya. Pakua VLC kutoka videolan.org na Audacity kutoka audacityteam.org, ambazo zote mbili ni za bure. Kama huna mega za intaneti za kutosha, mwombe mwenzako akuletee faili za kusakinishia kwenye flashi, lakini hakikisha alizitoa kwenye tovuti hizo mbili, maana tovuti nyingine hukuwekea programu ulizokuwa hukuziomba. Tafuta pia vipokea sauti vya masikioni, kwa kuwa spika ya kompyuta huficha kasoro ambazo zitasikika wazi kanisani kwenye spika kubwa. Kinanda kidogo au gita itakusaidia kuhesabu nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Na kama unatumia kompyuta ya mezani, chagua saa ambayo umeme hauna mchezo, ingawa huko chini nitaeleza la kufanya ukikatika katikati ya kazi.

La mwisho, na ndilo kubwa: tengeneza nakala ya wimbo na ufanye kazi kwenye nakala. Mimi niliwahi kuhifadhi wimbo ulioshushwa juu ya faili la asili, kwa jina lile lile, na hakukuwa na faili jingine popote. Kwaya ile ilibaki na toni niliyoichagua mimi.

Kompyuta nyingi za mjini kwetu zimewekwa kwa Kifaransa, hivyo majina ya menyu nitayaandika kwa Kifaransa jinsi yanavyoonekana kwenye kioo. Toleo lako likiwa tofauti kidogo, tafuta neno linalokaribiana nalo mahali pale pale.

Je, unahitaji VLC au Audacity?

Ikiwa unataka tu kusikiliza na kujifunza, VLC inatosha, na sioni sababu ya kujisumbua na Audacity. VLC hubadilisha kile unachosikia bila kugusa faili, kwa hiyo hakuna unachoweza kuharibu. Ikiwa unataka faili jipya la kuwagawia wanakwaya au la kupigwa siku ya ibada, hapo ndipo Audacity inapohitajika. Kusema kweli, wengi wanaonijia wakitaka niwafundishe Audacity wanaondoka wakiwa wameridhika na VLC.

Sehemu ya kwanza: kusikiliza kwa mwendo mwingine katika VLC

1. Fungua wimbo katika VLC, kisha nenda kwenye menyu ya «Lecture», halafu «Vitesse». Utaona chaguo la kuongeza mwendo, la kuupunguza, na la kurudi kwenye mwendo wa kawaida. Yale yenye neno «fin» hubadilisha kwa hatua ndogo ya sehemu moja ya kumi, nayo ndiyo ninayokushauri utumie.

2. Njia nyepesi zaidi ni kutazama pembe ya chini kulia ya dirisha la VLC, palipoandikwa 1.00x. Bofya hapo, na kitelezi kitatokea ambacho unaweza kukisogeza upendavyo. Ikiwa pembe hiyo haionekani, washa upau wa hali ndani ya menyu ya «Vue». Miongozo mingi itakuambia utumie vitufe vya mabano ya mraba, lakini kwenye kibodi ya Kifaransa mabano hayo hupatikana kwa kushikilia AltGr, na vidole vya mtu aliyeshika gita havina nafasi ya mazoezi hayo.

3. Kwa sebene, anza na 0.70x. Chini ya 0.50x ngoma huanza kusikika kama zimelowa maji, na noti za gita hutoa mkia ambao mpigaji hakuupiga; ukijifunza kutoka hapo utajifunza kasoro za programu badala ya muziki.

4. Fungua «Vue», kisha «Contrôles avancés». Safu ya vitufe itaongezeka, na mmojawapo una herufi A na B. Ubofye mara moja pale kipande unachotaka kinapoanza, na mara ya pili pale kinapoishia. VLC itarudia kipande hicho bila kuchoka mpaka ubofye mara ya tatu. Chagua kipande kifupi, cha mizunguko miwili au minne ya gita, kwa sababu mizunguko ya sebene inafanana, lakini mpiga mi-solo (gita lililo kati ya lile la mdundo na la solo) na mpiga solo huachiana nafasi mahali padogo sana ambapo sikio hupapita kama kipande ni kirefu.

5. Ukikimudu kwa 0.70x, panda hadi 0.80x, kisha 0.90x. Usiruke moja kwa moja hadi mwendo wa kawaida. Vidole vilivyozoea upole hupotea njia.

6. Ukitaka kubadilisha toni ndani ya VLC, bonyeza Ctrl na E kwa pamoja, au pitia «Outils» hadi «Effets et filtres». Chini ya «Effets audio» tafuta kichupo cha «Avancé», weka alama kwenye kisanduku cha kuwasha, kisha sogeza kitelezi cha toni. Kipimo chake ni nusu toni, na kinakwenda hadi 12 juu na 12 chini. Sehemu hii imo katika matoleo ya VLC 3. Kama yako ni ya zamani zaidi hutaiona, basi isasishe.

Kwenye simu ya Android, VLC ina uwezo wa kubadilisha mwendo katika menyu inayofunguka wimbo unapopigwa, na kwa mazoezi ya maneno ya wimbo njiani au nyumbani hiyo inatosha kabisa.

Sehemu ya pili: kutengeneza faili jipya kwa Audacity

Usifungue Audacity kabla ya kujua unashusha kwa kiasi gani. Mtu anayesema "shusha kidogo" atarudi mara tatu. Kaa na kinanda, tafuta noti ya juu kabisa ambayo sauti ya kwanza wanatakiwa kuifikia, kisha tafuta noti wanayoifikia bila kukaza shingo. Hesabu vitufe vyote, vyeupe na vyeusi, ukianzia kile kinachofuata noti ya juu na kumalizia kwenye noti wanayoifikia, kila kimoja kikiwa nusu toni. Kutoka sol kushuka hadi fa ni nusu toni mbili, kwa kuwa fa dièse, kitufe cheusi, iko katikati. Lakini kutoka fa hadi mi ni nusu toni moja tu, na kutoka do hadi si vivyo hivyo, kwa sababu hapo hakuna kitufe cheusi. Wanaohesabu vyeupe peke yake hukosea hapa kila mara. Usisahau sauti ya nne: ukiwashushia wanawake nusu toni nne, wanaume wa besi watajikuta wananong'ona. Waite wote wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, kabla ya kuamua.

1. Fungua Audacity na uburute nakala ya wimbo hadi ndani ya dirisha lake. Mawimbi ya sauti yatachorwa.

2. Hifadhi mradi mara moja kwa Ctrl na S. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, mradi wote hukaa katika faili moja lenye mwisho wa .aup3, kabla ya hapo kulikuwa na faili pamoja na folda yake, na watu walikuwa wakibeba kimoja na kuacha kingine.

3. Bonyeza Ctrl na A ili kuteua wimbo mzima. Usipoteua wote, utashusha kipande kimoja na wimbo utabadilika toni katikati ya ubeti.

4. Kubadilisha toni: nenda «Effets», kisha «Hauteur et tempo» ikiwa toleo lako lina makundi, halafu «Changer la hauteur». Dirisha litakuonyesha noti ambayo programu inadhani wimbo unaanzia; ipuuze, kwa sababu ni makisio yanayotokana na mwanzo wa kile ulichoteua, na wimbo unaoanza kwa ngoma huichanganya kabisa. Nenda kwenye nafasi ya nusu toni na uandike -2 kwa kushusha mbili, au 2 kwa kupandisha mbili. Ukihitaji sehemu ya nusu toni na mashine yako iko kwa Kifaransa, tumia mkato badala ya nukta, kama vile -0,30.

5. Katika dirisha hilo hilo kuna kisanduku cha ubora wa juu, ambacho hufanya kazi polepole zaidi. Kiwekee alama. Kwenye mashine ya zamani utasubiri, lakini tofauti husikika hasa kwenye sauti za waimbaji.

6. Sikiliza kionjo kwanza kwa kitufe kilichomo ndani ya dirisha, kisha ukubali. Isipokupendeza, Ctrl na Z itakurudisha nyuma. Usisahihishe kwa kuongeza athari (badiliko lolote la menyu ya «Effets») juu ya athari: ukishusha tatu kisha ukapandisha moja, umeupitisha wimbo kwenye kinu mara mbili kwa matokeo ambayo ungeyapata kwa kuandika -2 mara moja.

7. Kubadilisha mwendo: teua wote tena, nenda «Effets», kisha «Changer le tempo», na uandike asilimia. Ukipunguza kwa 20, wimbo wa dakika 4 utakuwa wa dakika 5. Na hapa kuna mtego unaowanasa hata walimu wa hesabu: ukitaka kurudi ulikotoka, hupaswi kuongeza 20 bali 25, kwa kuwa asilimia 20 ya wimbo uliokwisha kupungua ni ndogo kuliko ile ya mwanzo.

8. Tazama mawimbi. Ikiwa vilele vyake vimegonga juu na chini ya nafasi yao, sauti itakwaruza. Teua wote, nenda «Effets», «Normaliser», na uache kipimo cha -1 dB.

9. Toa faili kupitia «Fichier» na sehemu ya kusafirisha sauti, ukichagua MP3 kwa 192 kbps kwa ajili ya kugawa kwenye simu. Wimbo wa dakika 4 utakuwa na takriban mega 6. Ukichagua WAV utakaribia mega 42, ambazo mwanakwaya anayenunua mega kwa siku hatakushukuru nazo. WAV iweke kwa ajili ya mtu wa spika siku ya ibada. Lipe faili jina linaloeleza kilichofanyika, kwa mfano jina la wimbo likifuatwa na "chini2".

Wenye Audacity 3.5 ya mwaka 2024 au ya baadaye wana njia fupi kwa toni: teua kipande cha wimbo, shikilia Alt, na ubonyeze mshale wa juu au wa chini. Kila mbonyezo ni nusu toni moja, na unaweza kurudi wakati wowote bila kupoteza ubora, kwa sababu sauti ya asili haijaguswa. Mimi hutumia njia hii wakati kiongozi wa kwaya ameketi kando yangu na hajaamua bado.

Kuhusu umbali wa kwenda, nitakupa kipimo cha sikio langu. Nusu toni moja au mbili, hakuna atakayegundua. Tatu bado zinavumilika. Kuanzia nne, mwimbaji aliyeshushwa huwa kama amevaa koti la mtu mwingine, na aliyepandishwa hugeuka mtoto. Ala peke yake, bila sauti ya mtu, huvumilia zaidi. Kwa hiyo ikiwa wimbo unahitaji kushuka nusu toni tano, ni bora mpiga kinanda aupige upya.

Kaseti za zamani ni jambo la pekee

Hapa ndipo kile kitufe ninachokuonya nacho, «Changer la vitesse», kinapopata kazi yake. Hubadilisha mwendo na toni pamoja, kama mkanda wenyewe ulivyofanya. Wazazi wengi wana kaseti za kwaya zilizorekodiwa kwa redio ambayo betri zake zilikuwa dhaifu. Mkanda ulipita polepole wakati wa kurekodi, hivyo ukiupiga kwenye mashine nzima wimbo unakimbia na waimbaji wanakuwa juu kuliko walivyoimba. Ukishusha toni peke yake, mwendo utabaki wa kukimbia. Ukitumia «Changer la vitesse», vyote viwili vinarudi mahali pake kwa mara moja.

Linganisha noti ya kwanza ya wimbo na kinanda, ukimuuliza mtu aliyeuimba zamani ulikuwa katika toni gani. Ikiwa umepanda kwa nusu toni moja, andika -5,61 katika asilimia. Ikiwa umepanda kwa mbili, andika -10,91. Mara nyingi utakuta si nusu toni kamili bali kitu katikati, na hapo utasogeza kidogo kidogo hadi kinanda na wimbo visipigane. Kosa la betri huzidi kadiri zinavyokwisha, hivyo wimbo wa mwisho wa upande wa kaseti unaweza kuhitaji namba tofauti na wa kwanza. Rekebisha kila wimbo peke yake.

Mambo yakienda kombo

*Nikiongeza mwendo katika VLC, waimbaji wanakuwa kama ndege.* Ndani ya «Outils», «Préférences», sehemu ya «Audio», kuna kisanduku kinachoruhusu kunyoosha sauti bila kubadilisha toni. Kwa kawaida kina alama, mtu amekitoa. Kirudishie.

*Nyimbo zote zinasikika vibaya, hata ambazo sijagusa.* Umeacha toni ikiwa imewashwa katika VLC, nayo huendelea hadi wimbo unaofuata. Rudi kwenye kichupo kile na uizime.

*Menyu ya athari katika Audacity imefifia, haibonyezeki.* Wimbo umesimamishwa kwa muda tu. Bonyeza kitufe cha mraba cha kuzima kabisa, kisha teua wote.

*Audacity inakataa sauti niliyotumiwa kwa WhatsApp.* Ifungue kwanza kwa VLC kupitia «Média», «Convertir / Enregistrer», uigeuze kuwa WAV au MP3, kisha uipeleke Audacity.

*Niliwatumia wanakwaya wimbo na hakuna anayeweza kuufungua.* Umewatumia mradi wa .aup3 badala ya MP3. Mradi ni jikoni, si sahani. Wenye Audacity peke yao ndio wanaoweza kuingia.

*Sauti inarudi kama mwangwi, hasa kwenye makofi.* Umepunguza mwendo mno, au umeipitisha kwenye athari zaidi ya mara moja. Tengua hadi mwanzo na ufanye kwa hatua moja. Kama faili lenyewe lilikuwa MP3 iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watano, kila mmoja akiitoa upya, tafuta nakala ya kwanza.

*Umeme umekatika katikati ya kazi.* Usifute kitu. Umeme ukirudi, fungua Audacity tena. Itakuonyesha orodha ya miradi ambayo haikufungwa vizuri na kukuuliza kama unataka kuirejesha. Kubali, kisha sikiliza wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu athari iliyokuwa inaendelea wakati umeme unaondoka haitakuwa imekamilika na itabidi uirudie.